Tarehe Mbili za Ujiji: Namna ya Kuwafundisha Wanafunzi Kufikiri Kihistoria

Waulize wanafunzi wa kidato cha pili mjini Kigoma ni lini Stanley alikutana na Livingstone. Watajibu kwa sauti moja: 10 Novemba 1871. Waulize tena, "Tunajuaje?" Wengi watasema kitabu kimesema, au mwalimu amesema. Kazi ya somo hili ni kuwafikisha mahali ambapo jibu hilo haliwatoshi wao wenyewe.

Anza na swali dogo. Walimu wengi hukimbilia maswali makubwa kama "Je, ukoloni ulikuwa na faida?", na hapo darasa hugeuka mdahalo: pande mbili zinapigiana kelele na hakuna anayefungua chanzo hata kimoja. Swali linalofaa hujibika kwa vyanzo viwili au vitatu vifupi, vyanzo hivyo vinapishana, na jibu lake halimo kwenye noti. Kwa Kigoma, swali hilo liko Ujiji, kilomita chache kutoka stesheni ya reli: walikutana tarehe ngapi hasa?

Tayarisha vyanzo vitatu. Cha kwanza ni maandishi ya jiwe la kumbukumbu pale Ujiji, yanayosema kwamba chini ya mwembe uliokuwapo hapo Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Cha pili ni kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, kinachotaja Ijumaa, 10 Novemba. Cha tatu ni shajara ya Livingstone, iliyochapishwa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, ikiwa imehaririwa na rafiki yake Horace Waller. Humo, chini ya tarehe 24 Oktoba, Livingstone anaeleza jinsi Susi, mtumishi wake, alivyomjia mbio kumwambia kuna Mwingereza anakuja, na chini ya tarehe 28 Oktoba anamtaja Stanley kwa jina. Vitabu vyote viwili vinapatikana bure kwenye intaneti, maana muda wa haki ya kunakili umekwisha zamani.

Kutoka kila kitabu toa dondoo ya maneno 60 hadi 80, si zaidi. Itafsiri kwa Kiswahili chepesi, lakini usiisafishe: kama mwandishi anajisifu, aendelee kujisifu. Juu ya kila dondoo andika nani aliandika, lini na kwa ajili ya nani. Dondoo mbili na maneno ya jiwe vinaenea kwenye karatasi moja ya A4; kata kipande cha shajara ya Livingstone ukigawe peke yake baadaye. Darasa la wanafunzi 70 ligawe makundi 14 ya watu watano. Nakala 14 zinatosha. Kundi la watu wanane au kumi halifanyi kazi: wawili wanasoma, waliobaki wanachora pembeni ya daftari. Fotokopi ikishindikana, andika dondoo kwenye manila mbili kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la nyuma.

Tumia vipindi viwili vilivyounganishwa, yaani dakika 80. Dakika 10 za kwanza wape jiwe na kitabu cha Stanley tu. Makundi yote yatasema tarehe imethibitishwa, kwa kuwa mashahidi wawili wamekubaliana. Waache waandike hivyo daftarini kwa wino. Kisha uliza: aliyeandika jiwe, tarehe ameipata wapi? Jiwe liliwekwa enzi za utawala wa Waingereza, miongo kadhaa baada ya tukio, na inaelekea tarehe yake imetoka kwa Stanley mwenyewe. Kwa hiyo hapo yuko shahidi mmoja aliyesikika mara mbili. Hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo zima, na ukilitamka wewe kabla yao limeharibika. Ukimya wa dakika mbili darasani si hasara.

Sasa toa shajara ya Livingstone na uwape dakika 25. Kabla ya kusoma maneno, kila kundi lijibu maswali matatu: mwandishi alikuwepo? Aliandika siku ileile au baadaye? Alitaka nani amsome? Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na safari yake ilikuwa habari ya kuuza magazeti. Livingstone alikuwa amekaa miaka mingi safarini, mgonjwa, mbali na kalenda za wengine. Wanafunzi wataona kwamba kila mmoja ana sababu yake ya kukosea, na sababu hizo hazifanani: mmoja anaweza kupamba, mwingine anaweza kupotewa na hesabu ya siku. Wahesabu pia tofauti yenyewe. Kutoka 28 Oktoba hadi 10 Novemba ni siku 13; kutoka 24 Oktoba ni 17.

Mwanafunzi makini anaweza kupekua kalenda na kukuta kwamba 10 Novemba 1871 ilikuwa kweli Ijumaa. Mpongeze, kisha umuulize hilo linathibitisha nini. Linaonyesha kwamba siku na tarehe za Stanley zinapatana zenyewe kwa zenyewe, basi. Halionyeshi kwamba walikutana siku hiyo. Hapo ongeza habari moja: katika shajara binafsi ya Stanley, ukurasa wa mkutano ule umechanwa. Na ile salamu maarufu ya Stanley, "Dr. Livingstone, nadhani?", Livingstone hakuiandika katika shajara yake. Usiongeze maoni.

Makosa yatakayojitokeza yanajulikana. La kwanza ni kupiga kura: "Makundi tisa yamesema Novemba, basi ni Novemba." La pili ni "kila mtu ana mtazamo wake," sentensi inayosikika kama busara lakini ni uvivu, tarehe haina mitazamo, ila ushahidi wake una nguvu tofauti. La tatu ndilo gumu zaidi: "Hawa ni wazungu, wote waongo." Shaka hiyo ina msingi, lakini mwanafunzi akiitumia kutupa vyanzo vyote hana tena historia ya kuandika. Mrudishe kwenye sentensi moja moja. Mtu anayedanganya kuhusu ushujaa wake ana sababu gani ya kudanganya kuhusu bei ya kitambaa sokoni Ujiji?

Kisha uliza nani hayumo. Susi anaonekana akikimbia, basi. Wapagazi walioleta msafara wa Stanley, wafanyabiashara wa Ujiji, Waha waliokuja sokoni, hawakuachiwa kalamu. Wanafunzi waandike swali moja ambalo mmoja wa watu hao angeweza kulijibu na Stanley asingeweza.

Shule za Tabora zinaweza kutumia habari za Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, badala yake. Mwaka 1871 Stanley alipigana upande wa Waarabu wa Unyanyembe, eneo la Tabora, dhidi ya Mirambo, wakashindwa, na kitabu chake cha 1872 kinamchora Mirambo kama jambazi. Mwaka 1876 wakachanjiana damu, na kitabu cha 1878 kinamsifu. Wanafunzi watasema Stanley kigeugeu. Waulize kilichobadilika ni nini: Mirambo, ambaye vita yake na Waarabu ilikuwa imekwisha mwaka 1875, au mahitaji ya msafiri anayetaka njia iwe wazi?

Hatua ya mwisho ni masimulizi ya wazee. Chagua jambo ambalo mtu aliye hai alilishuhudia: kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 kunafaa mkoani Kigoma. Watume wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike, maswali yasizidi sita. Baada ya shikamoo na kuomba ruhusa, swali la kwanza liwe "Bibi, wakati ule ulikuwa na umri gani, na ulikuwa unaishi wapi?", maana linaonyesha kama alishuhudia au alisimuliwa. Swali kama "Je, mlionewa?" limeshajibu lenyewe. Asili na uraia wa mtu visiguswe kabisa. Huku mpakani swali hilo linaweza kumletea mzee matatizo.

Kusahihisha: aya moja ya sentensi sita hadi nane, alama 10. Mbili kwa dai lililo wazi, tatu kwa ushahidi ulionukuliwa, tatu kwa kueleza kwa nini chanzo kile kiaminiwe kuliko kingine, mbili kwa kutaja shaka inayobaki. Aliyechagua Oktoba kwa hoja asikatwe. Mwambie tu kwamba kwenye mtihani wa taifa swali la tarehe tupu likija, aandike iliyo kitabuni.

Nakala zile 14 ziwekwe kwenye mifuko ya nailoni na kukusanywa kabla kengele haijalia. Zikitunzwa hivyo zitatosha mikondo yote, na mwakani pia.