Namna ya kufundisha uhamishaji wa jeni kwa punje za buni

Mwalimu wa baiolojia anayetaka kueleza kwa nini bakteria husaidiana hupata taabu mahali pamoja: wanafunzi wanajua kwamba jeni hurithiwa kutoka kwa mzazi, lakini hawajazoea wazo la jeni inayopokewa kutoka kwa jirani. Hapa Uganda tuna mfano wa kuanzia. Katika Buganda ya zamani, watu wawili waliofanya omukago, yaani undugu wa kuchanjiana, waligawana punje mbili za tunda moja la buni, kila mmoja akaipaka yake damu, kisha wakabadilishana na kuzimeza. Waliingia wakiwa wageni, wakatoka ndugu. Anza somo kwa kuwauliza wanafunzi kama wamewahi kusikia wazee wakisimulia desturi hiyo, ndipo uwaambie kwamba bakteria nao wana njia ya kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja.

Kabla ya mchezo eleza mambo mawili tu. La kwanza ni plasmidi, duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, ambalo bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine nakala yake kupitia daraja jembamba huku mwenyewe akibaki na yake. Wanasayansi wa Marekani Lederberg na Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hupashana jeni. Na mwaka 1959 watafiti wa Japani waligundua kwamba usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja ulihama kati ya bakteria wa kuhara damu na wale wa kawaida wa utumbo. La pili ni kimeng'enya kiitwacho beta-laktamasi, ambacho jeni yake mara nyingi husafiri katika plasmidi. Kimeng'enya hicho huharibu dawa kama ampisilini, na dawa ikishapungua katika mazingira, hata jirani asiyekitengeneza hupona. Hapo ndipo tabia ya kijamii inapoingia: mmoja analipa gharama, wengi wananufaika, na asiyelipa hukua haraka kuliko anayelipa.

Kwa mchezo wenyewe tafuta mahindi makavu na buni ambayo haijakaangwa. Wapange wanafunzi wanane wanane katika duara. Kila mmoja ni bakteria na apewe punje tano za mahindi. Wanne kati yao wapewe pia punje moja ya buni, ambayo ni plasmidi. Katika kila raundi tangaza kwamba dawa imefika. Wenye buni wakiwa watatu au zaidi, wote wamepona, na kila mmoja apokee punje mbili za mahindi, ila mwenye buni arudishe moja kwa kuwa ametengeneza kimeng'enya. Wakiwa chini ya watatu, kundi lote limekufa. Mwishoni mwa raundi, mwenye mahindi machache kuliko wote amekufa, na nafasi yake huchukuliwa na mtoto wa mwenye mahindi mengi kuliko wote: huyo huanza na mahindi sawa na ya mzazi, na huwa na buni ikiwa tu mzazi anayo. Wakilingana, pigeni kura.

Usiwadokeze matokeo. Wenye buni watakuwa watatu baada ya raundi ya kwanza na wawili baada ya ya pili, na katika raundi ya tatu kundi litaangamia, ingawa hakuna aliyekosea hesabu. Waache wanafunzi wasikitike kidogo na kulaumiana, kwa maana lawama hizo ndizo zitakazowafanya wakumbuke.

Rudia mchezo kwa kanuni moja ya ziada: kabla ya kugawa chakula, wawili kati ya wenye buni wampe kila mmoja jirani asiyekuwa nayo punje mpya kutoka mfuko wa mwalimu. Kufikia raundi ya tatu wote wanane watakuwa nayo, na mtegeaji, yaani anayenufaika bila kulipa gharama, hatapatikana. Hapa ongea polepole. Kromosomu za hao wanane hazijabadilika, bado ni wageni. Lakini kwa jeni hii moja wamekuwa ndugu, kwa hiyo faida inayomwendea jirani inaiendea nakala ya jeni ileile. Ndiyo maana uhamishaji unaweza kulinda ushirikiano ambao urithi wa mzazi kwa mtoto peke yake ungeupoteza.

Wapo watakaosema kwamba bakteria wameamua kusaidiana. Wasahihishe mara moja. Omukago ulihitaji ridhaa ya watu wawili, ilhali mpokeaji wa plasmidi haulizwi, na plasmidi inaenea kwa sababu inajinakili, iwe inamfaa mwenyeji wake au inamwelemea.

Ukibaki na muda, cheza mara ya tatu ukiingiza punje moja ya buni iliyokaangwa. Hiyo ni plasmidi iliyopoteza jeni ya kimeng'enya: inagawiwa kama nyingine, haimgharimu mwenyeji mahindi, haihesabiwi dawa inapofika, na aliye nayo hawezi kupokea mbichi, kwa kuwa plasmidi nyingi huzuia ndugu zake kuingia. Mtegeaji amerudi, safari hii akiwa ndani ya plasmidi yenyewe. Mwambie kila mwanafunzi aandike idadi ya buni mbichi na zilizokaangwa baada ya kila raundi, kisha mlinganishe makundi ubaoni, kwa sababu matokeo ya mchezo huu wa tatu hutegemea nani alikaa karibu na nani.