Kikao cha MEWAKA kwenye shule ya walimu sita: anzeni na madaftari

Shule yetu ipo kijijini, wilaya ya Masasi. Walimu tupo sita, madarasa manane ukiweka na awali. Mimi ni mwalimu wa taaluma, kwa hiyo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) yaliniangukia mimi. Mwanzoni niliboronga: nilifungua moduli ya mafunzo hayo, ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), kwenye simu, nikasoma kwa sauti, wenzangu wakaitikia "sawa, mwalimu", tukasaini mahudhurio, tukatawanyika. Darasani hakikubadilika kitu.

Siku hizi tunakaa Alhamisi baada ya vipindi. Posho hakuna, tunachanga chai na ming'oko ya kuchemsha. Kila mmoja aje na madaftari matano ya darasa lake, ya kuokota tu, si ya vipanga. Yatazameni kimyakimya dakika kumi, mtafute kosa linalojirudia. Sisi tulikuta hili darasa la tatu: 52 − 27 = 35. Watoto watatu kati ya watano! Mwalimu wao akasema hawako makini. Mwalimu wa awali, mkongwe wetu tunayemwita Bibi, akakataa. "Mbili haitoshi kutoa saba, basi wamegeuza, wakatoa mbili kwenye saba." Kumbe mtoto ana kanuni yake, tena anaifuata vizuri kuliko anavyofuata ya kwetu.

Moduli ifunguliwe hapo, si kabla, na msome sehemu inayogusa kosa hilo tu. Mtandao ukisumbua, anayekwenda mjini aipakue mapema.

Kisha andaeni kipindi kimoja kwa pamoja. Ilikuwa Novemba, korosho tele, tukafunga kumikumi kwenye vifuko. Mtoto anapewa vifuko vitano na korosho mbili, anaambiwa atoe ishirini na saba. Vifuko viwili anavitoa upesi. Kwenye saba anakwama. Mwache akwame, usimrukie. Atakutazama wewe, atatazama kifuko, mwisho atauliza: "Mwalimu, nifungue?" Neno "kukopa" liandikwe ubaoni baada ya swali hilo. (Na korosho zihesabiwe mwisho wa kipindi. Zetu zilirudi pungufu, saa ya mapumziko harufu ya kuchoma ikatokea nyuma ya jiko.)

Wakati mmoja anafundisha, mwenzake akae nyuma. Darasa la huyo anayekaa nyuma liunganishwe na la jirani kwa kipindi hicho. Asimtazame mwalimu. Achague watoto wawili, aandike wanachofanya mikononi na wanachosema. Hapa ndipo penye ugumu, maana tumezoea kwamba anayekaa nyuma ni mthibiti ubora wa shule, amekuja kutafuta andalio la somo. Mwombeni mwalimu mkuu atangulie kutazamwa. Wetu alikubali shingo upande, kipindi kikamharibikia mbele yetu, akacheka mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyegoma.

Alhamisi inayofuata, rudini kwenye madaftari ya watoto walewale watano. Kosa likiwa bado lipo, msihamie mada mpya hata kama ratiba inasema mmechelewa. Lile la 35 lilitula wiki tatu, na mtoto mmoja bado analiandika. Wiki hii Bibi anakaa naye pembeni na vifuko vyake. Afisa elimu kata akija kuuliza mmefikia wapi, mwekeeni madaftari mezani kabla ya daftari la mahudhurio.