Somo: Kulinganisha Shule za Sekondari za Umma Kabla Mtoto Hajajaza Chaguo Lake

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, ukipanda matatu pale Mbale kuelekea Chavakali utasikia wastani wa shule ukitajwa kama matokeo ya mpira: fulani ana saba, fulani ameanguka hadi tano. Mimi pia nilichagua hivyo. Kifungua mimba wangu nilimpeleka shule ya mbali yenye jina kubwa. Kufika kidato cha tatu akaacha Fizikia kwa sababu mwalimu wa somo hilo alikuwa mmoja kwa shule nzima, na mwanangu alitaka uhandisi. Hilo bado linaniuma. Kwa hiyo wazazi wa Gredi ya 9 hapa Vihiga, jirani zetu wa Siaya na Kakamega, na wenzetu wa Busia, tuketi tufanye hesabu pamoja.

Hatua ya 1: Usichukue wastani peke yake

Omba karatasi ya matokeo ya miaka mitatu, si mwaka mmoja, maana darasa moja zuri linaweza kuipandisha shule kisha likaondoka na wastani huo. Angalia watahiniwa walikuwa wangapi, na wangapi walipata C+ kwenda juu. C+ ni pointi 7 kati ya 12, na ndiyo gredi inayomfungulia mtoto mlango wa shahada chuo kikuu. Shule yenye wastani wa 6 inaweza kuwa na watoto wengi waliokaribiana, au wachache wenye A waliowabeba wenzao wenye D. Ni shule mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Uliza waliingia na nini

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo wengi hupapita mbio. Tuseme shule ya kwanza ilipokea watoto wenye wastani wa alama 380 kati ya 500 za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, wakatoka na wastani wa 7.2 wa KCSE. Ya pili, shule ya kutwa kijijini, ilipokea wenye 245, wakatoka na 5.3. Nani amefundisha zaidi?

Gawanya alama za kuingia kwa 500, zidisha kwa 12. Ya kwanza inapata 9.12, ya pili 5.88. Sasa kutoka hapo punguza wastani wa KCSE: ya kwanza imeshuka kwa 1.92, ya pili kwa 0.58. Shule nyingi zitaonyesha kushuka, kwa kuwa gredi za KCSE hazipangwi kama alama za KCPE. Usiogope kushuka kwenyewe. Tazama nani ameshuka kidogo. Ile shule ya kutwa inayodharauliwa imemshika mtoto mkono.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na watoto hao watafanya KCSE ya mwisho 2027. Tuitumie hesabu hii wakati takwimu zake bado zipo.

Hatua ya 3: Nani anafundisha nini

Mtoto wa sasa anachagua mkondo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo, pamoja na masomo matatu ya mkondo huo. Somo kuandikwa kwenye orodha hakumaanishi lina mwalimu. Uliza waziwazi: mwalimu wa Kemia ameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, au na bodi ya shule? Wa bodi anaweza kuwa hodari sana, lakini akipata kazi ya TSC kwingine ataondoka katikati ya muhula, na huna wa kumlaumu. Ingia maabara. Fungua bomba la maji. Uliza watoto wangapi hutumia kifaa kimoja.

Hatua ya 4: Nenda siku ya kawaida

Siku ya wazazi kila kitu kimepakwa rangi. Nenda Jumanne, saa ya chakula cha mchana. Bwenini, kanuni za usalama zinataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma. Moto wa Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, uliua watoto 21. Ukikuta dirisha la bweni lina vyuma, mwambie mwalimu mkuu hapo hapo.

Hatua ya 5: Pesa

Serikali imepanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Bweni unalipa mwenyewe. Juu ya karo piga hesabu ya godoro, sanduku, sare na nauli ya mihula mitatu. Kwa shule ya kutwa, uliza bei ya chakula cha mchana.

MASWALI YA WAZAZI

Mama kutoka Hamisi: Mwalimu, mwanangu ni wa katikati. Nikimweka shule ya kutwa si nitakuwa nimemtupa?

Hapana, mama. Kati ya shule 12 anazochagua, 9 ni za bweni (3 za kaunti yake, 6 za nje) na 3 ni za kutwa katika kaunti ndogo yenu. Hizo 3 msizijaze kwa kubahatisha. Zitembeleeni zote, fanyeni hesabu ya hatua ya 2. Na pimeni njia kwa miguu: msichana anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko anahitaji shule iliyo karibu kuliko jina.

Baba wa Luanda: Mwalimu mkuu amekataa kunionyesha alama za kuingia.

Pole, ndugu. Watafute vijana watano wa kijijini kwenu waliomaliza hapo. Kila mmoja anakumbuka alama zake za KCPE na gredi aliyotoka nayo. Watano si shule nzima, ila utaona mwelekeo. Kisha mwombe mjumbe wa wazazi kwenye bodi aulize kikaoni.

Mzazi wa Butula: Shule yenye mikondo yote mitatu ni bora?

Inasaidia, kwa sababu mtoto wa miaka kumi na mitano hubadili nia, na hapo anaweza kuhama mkondo bila kuhama shule. Lakini mimi nyumbani nina binti anayependa Muziki, na shule niliyoitembelea wiki jana inao mkondo wa Sanaa. Nilipoomba kuonyeshwa chumba cha muziki, nilionyeshwa ngoma mbili na kabati lililofungwa. Mwalimu, waliniambia, anatarajiwa. Nitarudi huko mwezi ujao kabla hatujajaza fomu.