Kuwaondoa Panya Nyumbani: Chakula na Matundu Kwanza, Mtego Baadaye

Kabla hujatoa hata shilingi moja kununua mtego au sumu, nyunyiza majivu makavu, safu nyembamba tu, kando ya ukuta wa jikoni na mbele ya chumba unachowekea magunia, kisha nenda ukalale. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kuyakanyaga, yainamie ukiwa na tochi. Utaona nyayo ndogo zikifuatana karibu kabisa na ukuta, na katikati yake mstari mwembamba ulioachwa na mkia. Fuata mstari huo nyuma na mbele, nawe utajua panya anatokea tundu gani na anakwenda kula nini.

Angalia na kinyesi. Kikiwa kidogo kama punje ya mchele, chenye ncha kali, wageni wako ni panya wadogo wa nyumbani. Kikiwa kinene na kirefu zaidi, kinachokaribia haragwe, ni panya wakubwa, wale wanaokimbia juu ya kenchi usiku. Tofauti hiyo ina maana kubwa wakati wa kutega, kwa kuwa panya mdogo ni mdadisi na huenda akauendea mtego usiku wa kwanza, ilhali panya mkubwa hukishuku kila kitu kipya na anaweza kuukwepa mtego kwa siku kadhaa.

Wengi wetu hapa Arua, eneo la West Nile nchini Uganda, huanza kwa kuua, na mimi nilianza hivyo hivyo. Mwaka mmoja, baada ya mavuno, nilinunua kwa mchuuzi wa barabarani kipakiti cha sumu kisicho na maandishi yoyote, nikaichanganya na posho (ugali) na kuiweka nyuma ya magunia. Panya walikufa kweli, lakini walifia juu ya dari, na harufu yao ilitukaa nyumbani zaidi ya wiki moja. Paka wa jirani naye akafa, na hadi leo ninaamini alikula mmoja wa panya wale. Baada ya miezi miwili panya walikuwa wamerudi, kwa sababu magunia yalikuwa bado sakafuni na tundu chini ya mlango lilikuwa bado wazi. Panya jike wa nyumbani hubeba mimba kwa wiki 3 hivi, huzaa watoto 5 hadi 8 kwa mara moja, na watoto hao nao huweza kuzaa wakiwa na umri wa wiki 6 au zaidi kidogo. Ukiua bila kuondoa chakula, unajaza maji kwenye pakacha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni chakula, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Magunia ya mahindi, maharage, ufuta na muhogo mkavu yasikae sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yapange juu ya chaga ya mbao, ukiacha nafasi ya kupita mtu kati yake na ukuta, ili uweze kufagia nyuma yake na kuona kinachoendelea huko. Usidanganyike na gunia la plastiki, hata lile la tabaka mbili au tatu linalofungwa lisipitishe hewa: linawaua wadudu waharibifu wa nafaka, lakini meno ya panya hulitoboa. Kama uwezo upo, nafaka ya kula mwezi huu ihamishie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko unaobana. Ghala la nje liinuliwe juu ya nguzo, sakafu yake iwe angalau mita 1 kutoka ardhini, na kila nguzo ivalishwe kofia ya bati iliyotazama chini kama mwavuli, ambayo fundi yeyote wa mabati anaweza kuikata kutoka kwenye debe kuukuu. Matawi yanayogusa paa la ghala yakate, maana panya hupanda mti bila shida.

Tusisahau vyakula vidogo vidogo. Panya wa nyumbani hutosheka na gramu 3 hivi kwa siku, kiasi ambacho ukoko wa posho kwenye sufuria iliyolazwa chafu unakitosheleza kwa usiku mmoja, na mukene (dagaa) waliotundikwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) ukutani ni karamu. Vyombo vioshwe kabla ya kulala, chakula cha kuku kifunikwe, na siagi ya karanga iwekwe kwenye chombo cha kioo au cha bati.

Baada ya hapo ziba matundu. Chukua penseli uizunguke nayo nyumba: tundu lolote inamopenya penseli, panya mdogo naye anaweza kupenya. Matambara, karatasi na udongo mtupu havifai, kwani atavitafuna au kuvichimbua kwa usiku mmoja. Sindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha funika kwa saruji. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati, madirisha ya hewa yawekee wavu wa chuma, na pale mawimbi ya mabati yanapokutana na ukuta, mahali ambapo mafundi wengi huacha wazi, jaza saruji. Katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi huwezi kuziba kila mahali, na sitakuambia ujaribu; huko nguvu zako zote zielekeze kwenye chakula, na kikiweza kulala nje ya nyumba ya kulala watu, kilale nje.

Sasa tega, na utege mingi kwa pamoja. Mitego 6 au 8 kwa usiku mmoja huleta matokeo kuliko mtego mmoja unaohamishwa kwa mwezi mzima. Mtego wa kubana uweke ukikingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea huku sharubu zake zikipapasa ukuta. Chambo kizuri ni siagi ya karanga kidogo, ukubwa wa punje ya haragwe. Ukiweka nyingi ataramba pembeni bila kuufyatua. Kama una panya wakubwa, acha mitego na chambo bila kuitega kwa siku 3 au 4, wazoee kula hapo, ndipo uitege yote usiku mmoja. Mitego ya gundi siipendekezi: mnyama huteseka kwa saa nyingi, na mtoto anayetambaa anaweza kunaswa nayo.

Ukilazimika kutumia sumu, nunua dukani iliyo na maandishi yanayotaja kilichomo. Nyingi huzuia damu kuganda, na athari zake huchukua siku kadhaa kuonekana, ndiyo maana mtoto aliyeila anaweza kuonekana mzima. Usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa ukitumaini yatasafisha. Mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo ukiwa na pakiti mkononi.

Kwetu West Nile kuna jambo moja zaidi ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Ugonjwa wa tauni bado hutokea katika wilaya kama Zombo, Nebbi na Arua, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda imekuwa na maabara ya tauni hapa Arua kwa sababu hiyo. Bakteria wake hubebwa na viroboto. Panya akifa na mwili wake ukipoa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya mtoto aliyelala mkekani. Ukikuta panya waliokufa ambao hukuwatega wala kuwawekea sumu, usiwaguse, wazuie watoto, na mwarifu mhudumu wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo. Hata panya wa mtegoni mpulizie kwanza dawa ya kuua wadudu, kisha mwokote ukiwa umevaa kaveera mkononi, umgeuzie ndani yake, umfukie shimo la kina cha nusu mita au umtupe chooni. Mtu akipata homa ya ghafla, kutetemeka na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, asinywe vidonge vya malaria akisubiri kuona. Dawa za tauni zipo na zinaponya zikianzishwa mapema, lakini kila siku ya kuchelewa ni hatari.

Mwisho ni kusafisha. Usifagie kinyesi kikavu, kwani vumbi lake huingia puani. Fungua madirisha, kilowanishe kwa dawa ya klorini, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, subiri dakika 5, futa kwa kitambaa, kisha kichome kitambaa hicho na unawe mikono kwa sabuni.