Namna ya Kuchagua Chuo Kikuu cha Uzamili au Uzamivu kwa Kupima Ubora wa Taaluma

Mwongozo huu unawahusu wanaotaka kusoma shahada ya uzamili yenye tasnifu, au shahada ya uzamivu. Nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu yangu, mtaalamu wa maabara hapa Dar es Salaam, aliyetaka kujiendeleza katika utafiti wa mbu waenezao malaria na ambaye alikuwa amerudi kutoka maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja na mfuko uliojaa vipeperushi. Mifano mingi itatoka katika fani yake, lakini utaratibu ni uleule kwa mhandisi, mwalimu au mchumi. Msimamo wangu niuseme mapema: katika ngazi hii, ubora wa kupimwa ni wa idara, na ndani ya idara ni wa msimamizi. Jina la chuo huja baadaye.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kuchunguza

Sentensi mbili zinatosha. “Afya ya jamii” ni pana mno, ilhali “usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu katika maeneo ya mijini” inatosha kuanzia. Asiyeweza kuziandika sentensi hizo asilipe ada ya maombi popote.

Hatua ya 2: Hakikisha ithibati

Kwa vyuo vya ndani, tafuta taarifa katika tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU. Usiishie kwenye jina la chuo, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ithibati huku programu unayoitaka haijaipata. Kwa Kenya, mamlaka husika ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwa Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Shahada ya nje huhitaji kutambuliwa na TCU, kwa hiyo waulize kabla ya kulipa ada, hasa kama masomo yanatolewa yote kwa njia ya mtandao.

Mawakala wa vyuo vya nje sishauri kuwategemea kwa kazi hii. Wengi hulipwa kamisheni na vyuo wanavyovitangaza, na ni vigumu kwa mtu wa namna hiyo kukuambia kwamba idara anayoitangaza haina mtaalamu wa fani yako.

Hatua ya 3: Soma orodha za viwango kwa tahadhari

Orodha za viwango vya vyuo duniani zina faida yake, lakini kila moja hupima kile ilichoamua kupima. Katika orodha ya Shanghai, iliyoanza mwaka 2003, asilimia 30 ya alama hutokana na tuzo za Nobel na medali za Fields walizopata wahitimu na wahadhiri wa chuo. Katika orodha ya QS, sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma ilikuwa na uzito wa asilimia 40, na tangu toleo la 2024 ni asilimia 30. Hayo ni maoni yanayokusanywa kwa dodoso. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachokueleza iwapo rasimu ya sura yako ya pili itasomwa kwa wakati.

Zaidi ya hayo, orodha huacha vyuo nje kwa sababu zisizohusu ubora. Times Higher Education haiingizi katika orodha yake kuu chuo kisichofundisha shahada ya kwanza, wala kile ambacho hakijafikisha machapisho 1,000 katika miaka mitano. Kwa sharti la kwanza, London School of Hygiene & Tropical Medicine, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1899 na yenye wataalamu wa malaria wanaojulikana duniani kote, haimo. Mtu wa fani ya ndugu yangu akifuata orodha hiyo peke yake ataipita bila kuiona. Ukilazimika kutumia orodha, tumia zile zilizopangwa kwa fani.

Hatua ya 4: Mchunguze msimamizi, kisha tasnifu alizozisimamia

Hapa ndipo muda wako mwingi unapaswa kwenda, na ndipo waombaji wengi hupita haraka.

Anza na Google Scholar, injini ya kutafuta makala za kitaaluma, na kwa sayansi za afya ongeza PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na afya. Andika maneno ya swali lako, si jina la chuo, kisha uone ni nani wanaoandika kuhusu jambo hilo katika miaka mitano iliyopita. Kwa mfano huu majina yatakupeleka Muhimbili, yatakupeleka Taasisi ya Afya Ifakara, na kutoka Ifakara yatakupeleka Basel, Uswisi, kwa kuwa taasisi hiyo ilianza kama maabara ya Waswisi mwaka 1957 na Watanzania kadhaa wamepata uzamivu wao katika Chuo Kikuu cha Basel huku utafiti wenyewe wakiufanya hapa nchini. Njia kama hiyo huwezi kuiona kwenye kipeperushi chochote.

Ukishapata majina, soma wasifu kwa uangalifu. Ukurasa wa Google Scholar unaweza kuchanganya makala za watu wawili wenye jina moja, jambo la kawaida kwetu ambako majina ya ukoo hufanana, na unaweza kumgawa mtu mmoja aliyebadili jina baada ya ndoa. Namba ya ORCID, yaani namba ya utambulisho ya mtafiti mmoja mmoja, kama mhusika anayo, huondoa utata huo. Fahirisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ina maana kwamba mwenye 15 ana makala 15 zilizonukuliwa angalau mara 15 kila moja. Hata hivyo hukua kwa umri wa mtafiti bila kushuka kamwe, na haifai kulinganisha fani tofauti. Katika tafiti za malaria makala moja huweza kuwa na waandishi makumi kadhaa, kwa hiyo angalia nafasi ya jina: katika sayansi za afya mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kubwa, na wa mwisho ndiye kiongozi. Msimamizi mzuri huonekana akiwa wa mwisho huku wanafunzi wake wakiwa wa kwanza. Kanuni hiyo haifai kwa hisabati na uchumi, ambako majina mara nyingi hupangwa kwa alfabeti.

Angalia pia alipochapisha. Yako majarida yanayopokea fedha na kuchapisha chochote, yakiahidi kukubali makala ndani ya siku chache. Jarida usilolijua litafute katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, kisha usome majina ya wahariri na makala mbili tatu. Profesa mwenye makala chache katika majarida yenye tathmini ya kweli ni bora kuliko mwenye makala lukuki katika majarida ya aina hiyo, na katika hili sina mjadala.

Baada ya hapo ingia katika hazina ya kidijiti ya chuo na utafute tasnifu zilizosimamiwa na mtu huyo. Fungua mbili au tatu na uanze na ukurasa wa shukrani, ambao huonesha nani hasa alisaidia, nani alifadhili na maabara ipi ilitumika. Mwanafunzi anapomshukuru kwa kirefu msimamizi wa pili, na wa kwanza akatajwa kwa mstari mmoja, kuna habari hapo. Kisha angalia sura ya mbinu na viambatisho, kikiwemo kibali cha maadili ya utafiti, ambacho hapa kwetu huweza kutoka kwa chuo au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Tahadhari moja: hazina nyingi huchelewa kuwekewa kazi mpya, kwa hiyo kukosekana kwa tasnifu ya mwaka jana si dalili ya ubovu.

Kinachobaki ni muda wa kumaliza, na huo hauandikwi popote. Jalada la tasnifu huonesha mwaka wa kuwasilisha na si wa kujiandikisha, hivyo watafute wahitimu wenyewe. Waulize maswali yanayojibika kwa ukweli: rasimu ya sura ilirudi baada ya muda gani, matokeo ya watahini yalichukua muda gani, na wangapi walioanza pamoja nao wamemaliza. Usiulize kama msimamizi ni mzuri, kwani hakuna mtu mwenye adabu atakayemsema vibaya mwalimu wake mbele ya mgeni. Nayo majibu yapime kwa haki, maana wengi huchelewa kwa sababu ya kazi na ada, wala si kwa kosa la msimamizi. Uliza pia kama mhusika anakaribia kustaafu au kwenda likizo ndefu ya utafiti. Namfahamu mtu aliyejiandikisha na kukuta msimamizi aliyemfuata ameshaondoka, akapewa mwingine wa fani ya mbali.

Hatua ya 5: Mwandikie barua pepe

Iwe fupi. Taja makala yake moja uliyoisoma, eleza swali lako, na uulize kama anapokea wanafunzi mwaka ujao. Usibandike vyeti vyote, wala usiwaandikie maprofesa kumi barua moja. Ukimya wa wiki tatu mkumbushe mara moja, kisha endelea mbele.

Hatua ya 6: Kagua maktaba na vifaa

Ulizia majarida yanayopatikana, ikiwemo kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002, na kwa fani za maabara uliza kama mashine zinazotajwa kwenye tovuti zinafanya kazi na foleni yake ikoje.

Vyuo viwili vikilingana baada ya haya yote, mimi huchagua kile ambacho msimamizi wake, katika barua yake ya kwanza, alilihoji swali la mwombaji badala ya kulisifu. Baada ya hapo lipa ada ya maombi na uanze kutafuta nakala rasmi za matokeo chuoni ulikosoma, maana zinaweza kuchukua muda mrefu kuliko unavyodhani.