Mtoto akishikwa na degedege, angalia saa kwanza

Homa ikipanda ghafla, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kukauka, macho yageuke, mikono na miguu ianze kurukaruka. Hushika kama watoto 2 mpaka 5 kwa kila 100, kwa hivyo kwa ploti yenu lazima kuna mzazi ashaiona.

Ikianza angalia saa kwa simu, halafu umlaze kwa ubavu, sukuma vitu ngumu mbali, legeza nguo shingoni. Usimkandamize, usimtie kitu mdomoni hata jirani akikuja mbio na kijiko, ulimi haumezwi, meno ndio huvunjika. Maji baridi pia achana nayo. Mwenye mikono haina kazi arekodi video.

Mbona saa? Juu nyingi huisha zenyewe kwa dakika chache, na hizo fupi haziachi ubongo na shida. Zile ndefu ndio huwatia madaktari wasiwasi. Seli za ubongo hupitishiana ujumbe kwenye sinapsi, pale zinapokutana, moja inamwaga kemikali, nyingine inaipokea kwa risepta. Glutameti inachochea, GABA inashika breki, na homa yenyewe inaleta interleukini-1 beta, kemikali ya kinga ya mwili, yenye inaongezea glutameti nguvu. Huko Marekani, timu za watafiti Tallie Baram na Ivan Soltesz zilipasha watoto wa panya joto mpaka wakashikwa kwa zaidi ya dakika 20. Seli hazikufa vile ungedhani, lakini kwa hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, risepta za CB1, zile hupunguza GABA inayomwagwa, ziliongezeka kwa ncha za seli zinazotoa GABA, kwa hivyo breki ikawa inaachilia haraka, na mabadiliko yalikaa muda mrefu hata baada ya homa kuisha. Hao ni panya, sawa, si mtoto wako, lakini ndio maana hatungojei.

Ikifika dakika 5 ni hosi moja kwa moja, na kama daktari alishawapa diazepam ya kupitisha nyuma, itumie venye alisema. Na jam ya Nairobi unaijua, so mtu aanze kutafuta gari mapema, usingoje hizo 5 ziishe. Kimbia pia ikirudi ndani ya masaa 24, ikirusha upande mmoja tu, shingo ikikauka, asipoamka vizuri ama akiwa chini ya miezi 6. Ikiwa ni mara ya kwanza apelekwe hata kama imeisha, na kama mlikuwa Busia ama Kisumu juzi sema hapo hapo, apimwe malaria.

Paracetamol mpe asiumie na homa, lakini haizuii degedege, usijilaumu ati ulichelewa kumpa. Karibu mmoja kwa watatu hurudiwa, kwa hivyo anayekuchungia mtoto, awe dada wa nyumba ama wa deikea, muonyeshe sai mtoto akiwa mzima venye analazwa kwa ubavu.