Spana za seti na za moja moja: namna ya kuchagua ukiwa bado dukani

Muuza duka akishakufungulia lile sanduku la plastiki ukaona vyuma vimelala kila kimoja kwenye kitanda chake vinang'aa kama vijiko vya harusi, hapo akili ya kununua inahama kichwani inaenda machoni. Mimi imenikuta. Kwa hiyo kabla hujafika huko Kariakoo au Gerezani, au kama uko Nairobi hujashuka Kirinyaga Road, piga kwanza hesabu ndogo.

Tuseme seti imeandikwa vipande 108 na bei ni laki na nusu. Ukigawa unapata elfu moja na mia nne hivi kwa kila kipande. Sasa jiulize, racheti iliyomo humo, ule mpini wa kuzungushia soketi, nayo imetengenezwa kwa elfu moja na mia nne? Hapana, ila ujue hela ya hiyo racheti imebanwa ili vipande vifike 108, maana kinachouza seti ni ile namba iliyoandikwa kubwa juu ya sanduku. Hesabu vizuri uone vipande vyenyewe ni nini: nusu nzima unaweza kukuta ni vile vidude vidogo vya kuchomeka vya bisibisi, nyota, bapa, L-ki, na vingine vya umbo ambalo hujawahi kuliona kwenye gari lolote, alafu na kile kibebeo chao nacho kimehesabiwa kipande. Ukitoa hivyo zinabaki soketi, na hata soketi zenyewe sio zote utazigusa. Kwenye Toyota mkono unazunguka kwenye 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21 ya nati za tairi. Bolti ya milimita 8 Mjapani anaiwekea kichwa cha 12, Mzungu anaiwekea cha 13, ndo maana 13, 16 na 18 zinabaki mpya kabisa mpaka siku ije Volkswagen au Mercedes. Kama unashika magari ya Kijapani tu, seti ya vipande 24 iliyotulia inakupeleka mbali kuliko ya 108 iliyojazwa makorokoro.

Seti yangu ya kwanza niliinunua kwa macho tu. Wiki ya tatu niko chini ya Noah nafungua bolti ya stata, namba 14, imekaza, nikavuta racheti kwa nguvu ikaruka meno, ngumi ikaenda moja kwa moja kwenye chasisi, ngozi ya vidole vitatu ikabaki huko. Nikatoka nalaani seti nzima, nasema ni feki yote, naitupa. Fundi mkubwa pale gereji tulikuwa tunamwita Mzee, hakusema kitu, akachukua soketi ileile ya 14 kutoka kwenye seti yangu akaichomeka kwenye racheti yake iliyochakaa mpaka kromu imeisha, akanirudishia, "haya rudi chini". Bolti ikafunguka. Zile soketi ninazo mpaka leo, racheti ya ile seti sijui iko wapi.

Nilichokiona siku ile ni kwamba seti haiwi mbovu yote wala nzima yote, ndani yake kuna vitu rahisi kutengeneza na vitu vigumu kutengeneza, na vile vigumu ndo vinavyoibiwa ubora. Soketi ni kipande kimoja cha chuma kimetobolewa, hata kiwanda cha kawaida kinaweza kukitoa kikiwa sawa. Racheti ina meno ndani, ina kile kidole kinachong'ang'ania meno, ina springi. Plaizi ina vyuma viwili vinavyotakiwa kukutana bila kupishana, ina kiungo, ina makali yanayotakiwa kuwa magumu kuliko mwili wake. Bisibisi inaonekana rahisi lakini ile ncha yake ikikosewa kuchomwa inakuwa laini kama mshumaa, au ngumu kupitiliza inavunjika kama chaki.

Kwa hiyo soketi nunua za seti bila wasiwasi. Hata kihistoria seti ya soketi ilikuwa na maana yake: zamani soketi nyingi zilikuwa na mpini wake, mwaka 1920 kule Milwaukee Marekani Joseph Johnson na mwenzake William Seidemann wakaanza kuuza soketi kumi zinazobadilishana kwenye mipini mitano, mitano inafanya kazi ya hamsini, ndo ikazaliwa kampuni ya Snap-on. Pale seti ilikuwa na maana kwa sababu vipande vinategemeana. Siku hizi mtu anakuwekea nyundo, futi, kisu, gundi ya tepu na testa kwenye sanduku moja anaita seti, wakati hamna kinachomtegemea mwenzie humo.

Ukiangalia soketi tazama ndani: pembe sita au kumi na mbili? Pembe sita inashika ubavu wa nati, ya kumi na mbili inashika konani, na kama nati imeanza kuliwa na kutu hiyo ya kumi na mbili inamalizia kona zilizobaki. Chukua ya sita. Alafu kama una mashine ya upepo au ya betri ya kufungulia tairi, usithubutu kuichomekea soketi za kromu zinazong'aa, zinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni. Za mashine ni zile nyeusi zenye ukuta mnene, utakuta zimeandikwa Cr-Mo, nazo hizo nunua mojamoja, 17, 19 na 21 zinakutosha kabisa kuanzia.

Racheti nunua peke yake ukiweza. Pale dukani fanya hivi: chomeka soketi, weka nati iliyolegea kwenye bolti, zungusha racheti mbele kisha irudishe nyuma taratibu. Racheti mbovu ikirudi inarudi na nati, yaani unafunga unafungua palepale, na ukiwa sehemu ya kificho ambayo kidole hakifiki hapo ndo utajuta. Hesabu pia milio mzunguko mmoja mzima. Ikilia mara 72 kila hatua ni nyuzi 5, ikilia mara 24 kila hatua ni nyuzi 15, na kwenye injini iliyobanana hizo nyuzi 15 hazipo. Ila meno mengi peke yake sio sifa, meno yakiwa madogo na chuma dhaifu yanaruka vilevile. Na hata uwe na racheti nzuri namna gani, nati iliyogoma usiifungulie kwayo, tafuta pawaba, ni fimbo tu haina meno ya kuvunja.

Hiyo bolti ya kujaribia toka nayo nyumbani, weka mfukoni bolti mpya ya milimita 8 na nati yake. Watu watakucheka, waache. Ukishika spana ya mdomo wazi ivalishe kwenye kichwa cha bolti uitikise kushoto kulia, ile nafasi ya kucheza ndo itakayokula kona za nati zako. Jaribu ya seti, jaribu ya mojamoja, jaribu ya duka la pili, mkono wenyewe utakwambia bila kuhitaji utaalamu. Kichwa cha ringi hakidanganyi sana, mdomo wazi ndo unaodanganya, kwa sababu chuma laini mdomo unafunuka taratibu na wala huoni, unashangaa tu namba 12 imekuwa 12 na nusu.

Maandishi ya Cr-V yasikuzuzue. Ni kweli kromu na vanadi ndo mchanganyiko wa spana nyingi nzuri, lakini kugonga herufi tatu kwenye chuma hata mtengeneza feki anaweza, na ubora mkubwa upo kwenye namna chuma kilivyochomwa na kupozwa, kitu ambacho hakiandikwi. Kuna wanaotembea na sumaku eti wajaribu, sumaku inashika hata msumari, haikwambii chochote. Na uzito pia sio kipimo, spana nene nzito inaweza kuwa nene kwa sababu chuma chake dhaifu, alafu haingii kwenye uwazi. Angalia kromu yenyewe: ikiwa na mapovu au imeanza kubanduka pembeni acha, magamba ya kromu yanachana kiganja kama wembe.

Plaizi sasa. Kama kuna kitu kimoja nitakukataza kununua ndani ya seti ni plaizi. Ifumbe uinyanyue kwenye mwanga, midomo ikutane nchani, kama mwanga unapita nchani wakati nyuma zimegusana haitashika waya mwembamba hata siku moja. Shika mikono yake uisukume juu chini kwa ubavu, kiungo kisicheze. Alafu kata karatasi kwa yale makali, ikate safi bila kutafuna, ukimaliza omba kipande cha waya wa kufungia nondo ukate mara tano utazame kama makali yameacha mabonde. Kampuni kama Knipex ya Ujerumani imeishi kwa plaizi tangu 1882, bei yake ukiisikia unaweza kukaa chini, lakini hata ukishuka kwenye bei ya wastani, plaizi iliyouzwa yenyewe huwa ina mtu wa kulalamikiwa, ile ya ndani ya seti inajificha nyuma ya wenzake mia.

Fundi umeme hii ni yako: ule mpira mwekundu na njano kwenye mikono ya plaizi za seti ni wa kushikia tu usiteleze. Plaizi ya umeme wa kweli ina alama ya 1000 V na pembetatu mbili, inafuata kiwango cha IEC 60900, na hiyo inauzwa moja au kwenye seti maalumu ya umeme yenye vipande vichache. Na hata ukiwa nayo zima umeme kwanza.

Bisibisi nne zinatosha, bapa kubwa na ndogo, nyota PH1 na PH2 (PH ni nyota ya kawaida, 1 na 2 ni ukubwa wake), na zichague mojamoja. Chomeka skrubu kwenye ncha uilaze mlalo, nyota iliyokatwa vizuri inashikilia skrubu bila sumaku au karibu na hapo. Shika chuma kwa mkono mmoja mpini kwa mwingine upinde kwa kuzungusha, kuna zingine mpini unazunguka chuma kimesimama. Wenye pikipiki za Kijapani wanajua zile skrubu za nyota zinazolika vichwa kila siku, mara nyingi kosa sio la skrubu, ile nyota ya Kijapani umbo lake lina tofauti ndogo na PH ya kawaida, utaona kidoti pembeni ya nyota kwenye kichwa. Ncha ya PH inapanda juu inatoka. Ukibahatika kupata bisibisi ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani, kampuni ya Vessel ya Japani wanatengeneza, nunua hata moja tu.

L-ki hizo nunua seti, hamna sababu ya kuhangaika. Msumeno wa chuma, ukiukuta kwenye seti usiuhukumu kwa wembe uliokuja nao, badilisha wembe, meno 24 kwa inchi kwa kazi za kawaida na 32 kwa bati na paipu nyembamba, fremu ileile itakufanyia kazi miaka. Spana malaya chukua moja, kubwa ya wastani, zungusha ile skrubu yake mpaka mwisho uone taya haliyumbi. Seremala nao wana ugonjwa wa seti ya patasi sita, wakati wengi wanaishia kunoa mbili tatu, ya milimita 12 na 25 na labda moja ya katikati, hela ya sita mbovu inatosha mbili nzuri na jiwe la kunolea.

Sasa usije ukaondoka hapa ukidhani mojamoja ni bora kila mahali, maana wajanja wapo. Zile spana unazoziona zimetandikwa kwenye turubai au zinaning'inia mojamoja kwenye msumari, nyingi ni seti iliyovunjwa, mwenye duka kafungua boksi anauza kipande kimoja bei ya vitatu. Utaitambua vipi? Muulize namba zingine za aina hiyohiyo. Kama anazo tano tano za kila namba, hiyo imeagizwa kama mojamoja. Kama ana moja tu ya kila namba na za 12 na 14 hazipo, hilo ni boksi limevunjwa na zile zinazotakiwa zimeshaenda. Kwa upande wa seti swali ni kinyume chake: "hii racheti ikifa naipata peke yake?" Akikwambia mpaka ununue seti nyingine, umeshajua mambo yake.

Za mtumba kutoka Japani usizipite. Kwenye mzigo wa makontena mara moja moja unakuta za KTC au Tone, kampuni za zana za Kijapani, chafu, hazina sanduku, hazifanani, lakini ivalishe kwenye bolti yako ya mfukoni uone. Ukichukua tatu leo na mbili mwezi ujao unajenga seti yako mwenyewe. Sanduku lisikutie presha, yale ya plastiki bawaba zake zinakatika mapema, bati lililokunjwa na mafundi kama wale wa Kamukunji, Nairobi, linabeba zaidi na ukilikanyaga halikudai.

Hela ikiwa ndogo anza na soketi seti ndogo ya nusu inchi (upana wa tundu la kuchomekea racheti), spana za ringi na mdomo kuanzia 8 hadi 19, kisha racheti, plaizi na bisibisi ziongeze mojamoja kadiri kazi inavyoingia. Na namba 10 nunua tatu kabisa, moja ya kufanyia kazi, moja ya kuangukia ndani ya injini isionekane tena, na moja ya kumwazima jirani.